Faili ya Mipangilio na Hitilafu za Uundaji wa Hifadhidata ya Msamiati

Mtafiti anayekusanya msamiati wa Gĩkũyũ au Kikamba anahitaji hifadhidata inayotambua irabu ĩ na ũ. Uundaji wake unaposhindikana, wengi huishuku amri waliyoiandika, ilhali mara nyingi kosa limo katika faili ya mipangilio. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulitafuta kosa hilo katika programu ya MySQL.

Hapana budi kutofautisha hitilafu za namna mbili. Ya kwanza hujitangaza: seva hukataa kuanza kazi, na hivyo hifadhidata haiwezi kuundwa. Mfano ni agizo "default-character-set" linapoandikwa chini ya kichwa cha seva, yaani "mysqld". Agizo hilo liliondolewa hapo katika toleo la 5.5.3, linalofaa ni "character-set-server". Hata hivyo, lile la kwanza lingali sahihi chini ya kichwa cha "client". Hali hii yafanana na upatanisho wa kisarufi: kiambishi kilicho sahihi kwa ngeli moja huwa kosa kwa nyingine.

Namna ya pili ni ya hatari zaidi, kwani haizuii kazi. Katika Unix, faili ambayo kila mtumiaji anaruhusiwa kuiandika hupuuzwa na seva, kwa onyo tu. Aidha, agizo likirudiwa katika faili mbili, lililosomwa mwisho ndilo hufuatwa. Kabla ya toleo la 8.0, lililotolewa mwaka 2018, seva isiyopata agizo ilitumia latin1, mfumo usio na ĩ wala ũ. Hapo hifadhidata huundwa bila pingamizi, lakini ikiwa ukaguzi mkali wa data umezimwa, "Gĩkũyũ" huhifadhiwa kama "G?k?y?". Alama hiyo haionyeshi ni irabu ipi iliyopotea; kwa hivyo kuubadilisha mfumo baadaye hakurejeshi kitu.

Basi yafaa kufuata utaratibu huu. Kwanza, isomwe kumbukumbu ya makosa ya seva, ambayo hulitaja agizo lililokataliwa. Pili, ithibitishwe ni faili zipi zinazosomwa, na kwa mfuatano gani. Tatu, kuanzia toleo la 8.0.16, mipangilio ipimwe kwa "mysqld --validate-config" kabla ya kuianzisha seva. Nne, hifadhidata ikiisha kuundwa, iulizwe mfumo wake wa herufi kwa "SHOW CREATE DATABASE". Jibu liwe utf8mb4. Neno la kwanza la msamiati liingizwe baada ya jibu hilo, wala si kabla yake.