Kompyuta Kuukuu Inapokataa Kufungua Kurasa za Mtandao: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kasoro

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huja na masimulizi mengi, na miongoni mwake limo lalamiko moja ambalo sasa tumelizoea. Shule iliyowapokea ilikuwa na kompyuta moja, aghalabu ya msaada, iliyotengenezwa miaka kumi na mitano iliyopita au zaidi. Mwanachuo aliandaa somo akitegemea kuonyesha ramani kutoka mtandaoni. Akaiwasha kompyuta mbele ya darasa, na badala ya ramani akapata ukurasa wa onyo wenye alama nyekundu. Wanafunzi wakacheka, kipindi kikapotea, na mwalimu mkuu akasema kwamba mashine hiyo imekwisha kazi yake, ikarudishwa stoo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi, ambaye si fundi, anavyoweza kutafuta chanzo chake kwa utaratibu. Tumeona yafaa kulieleza kwa kirefu kwa sababu ni mahali ambapo fedha za shule hupotea bure. Tunaifahamu shule moja iliyoambiwa na fundi kwamba haina budi kununua kompyuta mpya, na kamati ya shule ikaanza kuchangisha wazazi. Kasoro yenyewe ilikuwa betri ndogo iliyo sawa na kifungo cha koti.

Tuanze na kivinjari. Kivinjari ni programu inayokwenda kuuleta ukurasa kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo mbali na kuupanga mbele ya macho yetu. Chrome, Firefox na Edge ni vivinjari. Internet Explorer nacho kilikuwa kivinjari mashuhuri hadi Microsoft ilipokistaafisha mnamo Juni 2022. Kivinjari cha kwanza kilitungwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, na kurasa za wakati huo zilikuwa maandishi tu. Ukurasa wa leo ni maandishi pamoja na amri nyingi ambazo kivinjari hutakiwa kuzitekeleza, na amri mpya huongezwa mwaka hadi mwaka. Jembe la mwaka 1975 bado linalima kwa kuwa udongo haukubadilika. Kivinjari cha mwaka 2012 hakina bahati hiyo.

Hata hivyo, lile onyo jekundu halitokani na amri mpya. Lina asili nyingine, nayo inaeleweka vema kwa mfano ambao kila mwanachuo atakutana nao. Mwalimu mpya afikapo kituo chake cha kazi humkabidhi mwalimu mkuu barua ya kupangiwa kazi. Mwalimu mkuu hatazami jina peke yake. Hutazama tarehe, hutazama saini na mhuri, na huilinganisha saini hiyo na zile anazozijua. Ndivyo ilivyo kwa tovuti salama, yaani ile ambayo anwani yake huanza kwa herufi https. Kabla ya mazungumzo kuanza, tovuti hukipa kivinjari cheti chenye jina lake, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kwisha, na saini ya mamlaka iliyokitoa. Kivinjari hukilinganisha cheti hicho na orodha ya mamlaka zinazoaminika iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Likikosekana lolote, hukataa kuendelea na kumwonya mtumiaji.

Sasa, tuseme mwalimu mkuu ana kalenda ya mwaka 2009 ukutani na anaamini kwa dhati kuwa huo ndio mwaka wa leo. Ukimpa barua ya mwaka huu atasema nini? Atasema barua hii haijaandikwa bado, na atakufukuza. Hivi ndivyo ifanyavyo kompyuta ambayo saa yake imerudi nyuma, na kwa uzoefu wetu hii ndiyo sababu ambayo walimu hawaifikirii kabisa.

Saa ya kompyuta hutembea hata mashine ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndani yake kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara inayoilisha. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni ya aina iitwayo CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20. Baada ya miaka kadhaa huisha. Tangu hapo, kila umeme unapokatika au mashine inapochomolewa ukutani, saa husahau tarehe na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, mara nyingi ya mwaka ule ubao wenyewe ulipotengenezwa. Programu za kuandika hufunguka, faili hufunguka, muziki hulia, ila tovuti salama zote hukataa kwa pamoja. Mtu asiyejua atailaumu intaneti, au kivinjari, au virusi.

Tiba yake ni nyepesi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, gusa sehemu ya chuma ya sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha ichomoe betri kwa upole na kuweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama kama ulivyotazama ule wa kwanza. Betri hizi hupatikana kwa mafundi saa na katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo. Katika kompyuta za mkononi betri hiyo huwa imefichika zaidi na mara nyingine ina waya wake, na hapo tunamshauri mwalimu amwachie fundi.

Wakati wa kuirekebisha saa yapo makosa mawili yanayotuhusu sisi hasa. La kwanza ni kwamba kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia alfajiri. Anayeweka saa 2 akikusudia saa mbili ya asubuhi huirudisha nyuma kwa saa sita. Hilo kwa kawaida halitoshi kuharibu cheti. La pili ni baya zaidi. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiandika mwezi kabla ya siku, kwa desturi ya Marekani. Mwalimu akisoma au kuandika 5/3 akidhani ni tarehe 5 Machi, kumbe mashine inaelewa tarehe 3 Mei, ameisogeza mbele kwa karibu miezi miwili. Vyeti vya siku hizi ni vya muda mfupi: tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa vyeti vipya vyenye muda wa zaidi ya siku 398, na muda huo umeendelea kufupishwa. Vile vinavyotolewa bure na shirika la Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi hutumia, vimekuwa vya siku 90. Kwa hiyo miezi miwili inatosha kabisa kukifanya cheti kizima kionekane kimekwisha.

Ikiwa saa ni sahihi na bado baadhi ya tovuti zinakataa huku nyingine zikifunguka, tuitazame ile orodha ya saini. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, kilichokuwa kikivitambulisha vyeti vya Let's Encrypt kwa mashine za zamani, kilifikia mwisho wake. Kompyuta ambazo zilikuwa zimepokea masahihisho ya mara kwa mara zilikuwa na saini mpya katika orodha yao, na watumiaji wake wengi hawakujua kama kuna jambo lililotokea. Zile ambazo hazikusahihishwa kwa miaka mingi, ama kwa kukosa mtandao ama kwa sababu mtu alizima masahihisho ili kuokoa bando, ziliamka zikiwa zimefungiwa nje. Ni kama mkurugenzi mpya kuanza kutia saini na mwalimu mkuu hajapata nakala ya saini yake; barua ni halali, ila yeye hana cha kulinganisha.

Na jambo la tatu, ambalo tutalipitia upesi, ni lugha ya siri ambayo kivinjari na tovuti huzungumza. Lugha hiyo imetolewa kwa matoleo, yaitwayo TLS. Matoleo mawili ya zamani, ya mwaka 1999 na 2006, yalianza kuzimwa katika vivinjari vikubwa mwaka 2020 kwa kuwa hayakuwa salama tena. Kivinjari kisichojua matoleo ya baadaye hubaki bubu mbele ya tovuti za leo.

Mwanachuo ataona kwamba dalili hizi zinatofautiana, na hapo ndipo penye kazi yake. Asianze kwa kubofya ovyo. Kwanza achukue simu, aiunganishe na mtandao uleule, afungue tovuti ileile. Simu nayo ikishindwa, kompyuta haina kosa. Simu ikifanikiwa, atazame tarehe kwenye pembe ya skrini, mwaka ukiwamo. Kisha ajaribu tovuti nne au tano zisizohusiana. Zikikataa zote, atilie shaka saa. Zikikataa baadhi, atilie shaka orodha ya saini au lugha ya siri. Zikifunguka bila onyo, lakini maandishi yamerundikana, vitufe havibonyezeki na picha hazionekani, basi kivinjari hakielewi amri mpya. Na kama kila kitu kinafunguka ila kwa mwendo wa kobe, tatizo ni kumbukumbu ya kazi: kompyuta yenye gigabaiti 2 huzidiwa kwa kurasa chache tu za leo, na dawa ya kwanza ni kufungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Kivinjari kikionekana kuwa ndicho chenye kasoro, kibadilishwe, lakini mfumo endeshi ndio unaoamua kiwango cha juu tunachoweza kufikia. Kwa Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, toleo la mwisho la Chrome lilikuwa la 49. Hapo hatuoni tena njia ya kuiokoa kwa matumizi ya mtandaoni. Kwa Windows 7, iliyoachwa Januari 2020, toleo la mwisho la Chrome lilikuwa la 109, la Januari 2023. Firefox ilitoa toleo lake la 115 kwa huduma ya muda mrefu, na Mozilla iliurefusha muda huo zaidi ya mara moja. Asome kwanza katika ukurasa wao kama bado linahudumiwa siku anapolihitaji. Firefox ina faida nyingine kwa mashine kuukuu: hubeba orodha yake yenyewe ya mamlaka zinazoaminika, pasipo kutegemea ile ya Windows. Kama kompyuta haiwezi hata kuifungua tovuti ya Mozilla, programu ichukuliwe kwa kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi, nayo itoke kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti yoyote itakayotokea mbele.

Ipo njia ya kubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 hudai gigabaiti 4 za kumbukumbu na kifaa maalumu cha usalama ambacho mashine hizi hazina. Linux hutolewa bure na huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Kompyuta nyingi zilizowekewa Windows ya biti 32 zina kichakataji cha biti 64, hivyo zinaweza kupokea Linux Mint ya sasa ikiwa kumbukumbu inatosha. Faili zote zinakiliwe kwanza. Hatuwezi kulisisitiza hili kupita kiasi.

Bado tuna neno kuhusu lile onyo. Chini yake mara nyingi pana kitufe cha kuendelea licha ya hatari, na tumewaona wanachuo wakikibonyeza kwa mazoea kama wanaofukuza nzi. Ikiwa saa ni mbovu na unachotaka ni picha ya volkano, madhara huenda yakawa madogo. Lakini mkono uliozoea kubonyeza hapo utabonyeza hata siku ambayo tovuti ni ya matapeli na unachoandika ni nywila ya akaunti ya shule. Matokeo ya mitihani, majina ya wanafunzi na namba za simu za wazazi wao visiingizwe mtandaoni kwa kompyuta ambayo mfumo wake hauhudumiwi tena, hata kama leo inafungua kila tovuti. Tunajua kwamba ushauri huu huudhi katika shule yenye kompyuta moja. Hata hivyo ni afadhali kazi hiyo ifanywe katika ofisi ya kata au kwa simu iliyosasishwa.

Katika shule tuliyoitaja mwanzoni, michango ilirudishwa. Betri ikabadilishwa, Firefox ikawekwa, na karibu na mashine pakawekwa daftari ambamo kila kasoro huandikwa pamoja na tarehe, dalili, na kilichofanyika. Vitabu hupakuliwa siku ambayo mtandao upo na kusomwa siku nyingine bila mtandao. Ukurasa wa kwanza wa daftari una mstari mmoja kwa mwandiko wa mwanafunzi wa darasa la sita: kabla ya somo, tazama mwaka.