Utunzaji wa Cheni ya Pikipiki: Kazi ya Nusu Saa Inayolinda Maisha na Kipato

Katika kata nyingi za Wilaya za Karagwe na Kyerwa, pikipiki ndiyo inayounganisha kitongoji na zahanati, shamba na chama cha msingi cha ushirika, nyumba na gulio. Gunia la kahawa, mkungu wa ndizi, mwanafunzi anayechelewa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, wote hubebwa na chombo hicho hicho. Nguvu yote ya injini hulifikia gurudumu la nyuma kwa njia ya kifaa kimoja tu, nacho ni cheni. Ikikatika kwenye kilima, pikipiki hupoteza mvuto na kuanza kurudi nyuma na mzigo wake. Ikichomoka mteremkoni, yaweza kujisokota kwenye sproketi na kulikwamisha gurudumu la nyuma ghafla, na dereva na abiria wake wakaanguka pamoja.

Ajali za namna hiyo haziji bila dalili. Cheni hulegea, hupiga kelele, huota kutu na kuruka meno kwa siku nyingi kabla ya kukatika. Makala haya yanaeleza namna ya kuisafisha, kuilainisha na kuikagua, kwa vifaa vinavyopatikana katika maduka ya kawaida ya vipuri.

Namna cheni inavyochakaa

Cheni inayotumika katika pikipiki ni ya aina iliyobuniwa na Hans Renold huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila kiungo chake kina pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi hiyo huzunguka rola inayokaa kati ya meno ya sproketi. Mafuta yanayohitajika hasa ni yale yanayoingia kati ya pini na bushi, mahali ambapo jicho halioni. Mafuta yanayong'aa nje yanaweza kuzuia kutu, lakini hayazuii msuguano wa ndani.

Watu wengi husema kwamba cheni imevutika. Kwa kweli chuma chake hakijarefuka. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimelika, na kila kiungo kimepata nafasi kidogo. Ikiwa cheni ina viungo 120 na kila kiungo kimeongezeka kwa wastani wa sehemu moja ya kumi ya milimita, cheni nzima imerefuka kwa milimita 12. Cheni iliyorefuka haikai tena sawasawa kwenye meno ya sproketi. Huyapanda, huyachonga, na mwishowe huyaruka.

Mazingira ya wilaya hizi mbili huongeza uchakavu huo. Kati ya Juni na Agosti, vumbi la udongo mwekundu hushika kwenye mafuta na kuwa mfano wa msasa. Mvua za vuli na za masika huosha mafuta na kuleta tope na kutu. Vilima navyo huilazimisha cheni kuvuta kwa nguvu kubwa, hasa pikipiki inapobeba abiria pamoja na mzigo. Kwa hiyo dereva anayetoka Nkwenda kwenda Murongo, au Kayanga kwenda Bweranyange, hawezi kungoja muda ule ule anaongoja anayetembea kwenye lami tupu na tambarare.

Muda wa kufanya kazi hii

Kwa pikipiki ndogo za biashara, kanuni nzuri ni kusafisha na kulainisha cheni kila baada ya kilomita 500. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku huifikia idadi hiyo siku ya tano. Baada ya kupita kwenye tope zito au kunyeshewa siku nzima, kazi hiyo ifanyike jioni ile ile. Jioni ndio wakati bora, kwa sababu cheni bado ina joto kidogo, mafuta hupenya kwa wepesi, na usiku kucha hupata nafasi ya kuingia ndani ya viungo.

Vifaa vinavyohitajika ni mafuta ya taa kiasi cha kikombe, brashi ngumu ya nailoni au mswaki wa zamani, vitambaa viwili vikavu, mafuta ya gia ya namba 90 au mafuta maalumu ya cheni, rula, na spana zinazolingana na nati za ekseli.

Hatua za kusafisha

Kwanza, injini izimwe na ufunguo uchomolewe. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa mahali tambarare, gia iwe nyutro, na gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono. Hatua hii haina mbadala. Wapo wanaowasha injini na kutia gia ili cheni ijizungushe yenyewe huku wakiishika kwa kitambaa. Kitambaa kikinaswa, mkono huvutwa hadi kwenye sproketi, na vidole hukatika kabla mtu hajawahi kuuondoa. Hakuna haraka yoyote inayostahili kulipwa kwa kidole.

Pili, tope lililokauka liondolewe kwa brashi kavu. Kisha brashi ichovywe kwenye mafuta ya taa, na cheni isuguliwe pande zake zote nne, juu, chini, ndani na nje, huku gurudumu likizungushwa polepole. Meno ya sproketi ya nyuma nayo yasafishwe. Petroli isitumike, kwa maana mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Cheni zenye mipira midogo ya kuzuia mafuta kati ya viungo zishughulikiwe kwa brashi laini, kwa kuwa mipira hiyo ikikatika haitengenezeki.

Tatu, cheni ifutwe kwa kitambaa kikavu na kuachwa ikauke kabisa. Mafuta yakipakwa juu ya maji, huelea tu wala hayaingii.

Hatua za kulainisha

Mafuta yadondoshwe kidogo kidogo upande wa ndani wa cheni, kwenye sehemu ya chini iliyo kati ya sproketi mbili. Cheni ikizunguka, mafuta husukumwa kutoka ndani kwenda nje na kupita kwenye viungo. Yakipakwa upande wa nje, hurushwa na kupotea. Tone moja kwenye kila ukingo wa rola linatosha. Gurudumu lizungushwe mara kadhaa, kisha cheni iachwe kwa dakika 15 au hadi asubuhi, na mafuta yote yaliyobaki nje yafutwe. Cheni iliyotunzwa vizuri ni kavu kwa nje na yenye mafuta kwa ndani. Iwapo mafuta yamedondokea tairi au breki, yafutwe kabla ya safari.

Oili chafu inayomwagwa kutoka kwenye injini haifai kwa kazi hii, ijapokuwa ni desturi ya wengi. Hubeba masizi na chembe za chuma zilizosagika, na chembe hizo huendelea kusaga pini na bushi. Aidha, hudhuru ngozi ya anayeishika mara kwa mara. Grisi nzito nayo haipenyi ndani ya viungo. Hubaki nje ikikusanya vumbi.

Ulegevu na ukaguzi

Cheni haipaswi kukazwa kama waya wa uzio. Gurudumu linapopanda na kushuka barabarani, cheni huhitaji nafasi. Katika pikipiki ndogo nyingi, sehemu ya chini ya cheni, katikati ya sproketi mbili, inapaswa kupanda na kushuka kwa jumla ya milimita 20 hadi 30 inaposukumwa kwa kidole. Kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Kipimo kichukuliwe mahali ambapo cheni imekaza zaidi, baada ya kuzungusha gurudumu zima. Cheni iliyokazwa kupita kiasi hula beringi za gurudumu na za sanduku la gia.

Ili kurekebisha, nati ya ekseli hulegezwa, na skrubu za kurekebishia za pande zote mbili huzungushwa kwa kiasi kilicho sawa, huku alama za kulia na kushoto zikilinganishwa. Zikitofautiana, gurudumu hukaa upande na cheni huchakaa haraka. Baada ya nati ya ekseli kukazwa, breki ya nyuma ijaribiwe, kwa kuwa kusogeza gurudumu hubadilisha pia mkazo wa breki. Wengi huikumbuka cheni na kuisahau breki.

Loki ya cheni nayo ikaguliwe kila mara. Kile kibanio chake chenye umbo la samaki kina ncha moja iliyofungwa na nyingine iliyo wazi. Ncha iliyofungwa ielekee kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, jiwe au kijiti kinaweza kukichomoa kibanio hicho, na cheni ikafunguka safarini.

Wakati wa kubadilisha cheni

Cheni ya namba 428, ambayo hutumika katika pikipiki nyingi za bodaboda, ina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini moja hadi nyingine. Basi kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21, cheni mpya ina milimita 254. Cheni ikivutwa hadi ikanyooka na kipimo hicho kikafika milimita 259, muda wake umekwisha. Asiye na rula aivute cheni kwa kidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma. Nusu ya jino ikionekana, jibu ni lile lile. Meno yaliyochongoka na kuinama mfano wa ndoano, viungo vinavyokataa kukunjika na rola zilizopasuka pia ni dalili za kutosha.

Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi iliyolika huchakaa haraka, na fedha iliyookolewa hutumika tena kabla ya msimu kwisha.

Abiria, kava na vyanzo vya maji

Kava la cheni lisiondolewe kwa ajili ya kurahisisha matengenezo. Kanga, kitenge, koti refu au mkanda wa mbeleko ukinaswa na cheni, abiria huvutwa chini chombo kikiwa mwendoni. Dereva ahakikishe kwamba nguo za abiria zimekusanywa kabla ya kuondoka, na abiria asione haya kumkumbusha.

Kazi ya kusafisha isifanyike kwenye chemchemi, mtoni au kando ya lambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuliharibu. Mafuta ya taa yanayomwagwa kwenye kijito cha kitongoji huingia kwenye ndoo za jirani wa bondeni. Mafuta machafu yakusanywe kwenye chombo chenye kifuniko na kupelekwa kwenye gereji inayoyapokea.

Nani anayewajibika

Pikipiki nyingi za biashara si mali ya wanaoziendesha. Dereva hupeleka hesabu kwa tajiri, au yumo katika mkataba wa kuimiliki baada ya muda. Hapo ndipo cheni huachwa yatima: tajiri hudhani ni kazi ya dereva, na dereva hudhani gharama ni ya tajiri. Makubaliano ya maandishi yaeleze tangu mwanzo ni nani ananunua mafuta ya cheni, ni nani ananunua cheni mpya, na siku gani ya juma chombo kinakaguliwa bila kudaiwa hesabu kamili. Vikundi vilivyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vinashauriwa kuweka kipengele hicho katika taratibu zao, kwa kuwa marejesho hutokana na chombo kinachotembea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kikombe cha mafuta ya taa na nusu saa ya jioni ni gharama ndogo. Atakayebisha hodi usiku wa manane akiomba mgonjwa wake afikishwe zahanati hatapata muda wa kuikagua cheni. Atategemea kwamba dereva alikwisha kuikagua.