Kalamu ya Cato na Mfuko wa Serikali

Wengi hudhani kwamba kalamu ya mwandishi huzimwa kwa gereza. Yaliyotokea London baada ya mwaka 1720 yanaonyesha njia nyingine, tena isiyo na kelele.

Kampuni ya Bahari ya Kusini ilikuwa imekabidhiwa mwaka 1713 mkataba wa kupeleka Waafrika 4,800 kila mwaka kuuzwa utumwani katika makoloni ya Hispania. Hilo lisipite hivi hivi; bidhaa iliyotajwa katika hati ile ni sisi. Mwaka 1720 ikajitwika sehemu kubwa ya deni la taifa la Uingereza. Hisa iliyouzwa kwa pauni zipatazo 128 mwezi Januari ikapanda hadi karibu pauni 1,000 wakati wa kiangazi, kisha ikaporomoka, na raia wengi wakafilisika. Bunge lilipochunguza, ikabainika kwamba wakubwa serikalini walipewa hisa za hongo. Waziri wa Fedha, John Aislabie, alifukuzwa bungeni mwaka 1721 akatiwa katika Mnara wa London. Wengine walinusurika, wakifunikwa na Robert Walpole, ambaye mwenyewe alipanda cheo.

Tangu Novemba 1720 John Trenchard, mtu wa mali, na Thomas Gordon, kijana wa Kiskoti, waliandika katika gazeti la London Journal kwa jina la Cato, yule Mrumi aliyempinga Kaisari. Walidai wala rushwa waadhibiwe. Walishikilia kwamba utawala ni amana ya wananchi, na aliyepewa amana hana haki ya kukasirika anapohojiwa.

Lakini tusiwafanye malaika. Mwaka 1723 Cato huyo huyo alizishambulia shule za hisani, akihofu kwamba watoto wa maskini wakielimishwa watazikimbia kazi za mikono. Uhuru wake uliishia kwenye mpaka wa tabaka lake.

Mwaka 1722 serikali ililinunua gazeti lenyewe. Cato akahamia British Journal, na London Journal, kwa jina lile lile, likawa mtetezi wa Walpole. Mwaka huo huo, huko Boston, Benjamin Franklin, kijana wa miaka 16, alichapisha upya hoja za Cato juu ya uhuru wa kusema, baada ya kaka yake mwenye gazeti kufungwa.

Trenchard alifariki Desemba 1723. Gordon akapokea kwa Walpole cheo cha kamishna wa leseni za mvinyo, akakikalia hadi kufa kwake mwaka 1750, huku barua za Cato zikiendelea kuchapwa upya.