Runinga inapouma kidole

Ukilala Timau mwezi wa Februari, ukajifunika lile blanketi zito la nailoni linalouzwa siku hizi katika kila soko, livute ghafla gizani. Utaona cheche za samawati zikikimbia juu ya kitambaa na kuzisikia zikipasukapasuka. Asubuhi ukivua sweta na kushika kitasa cha chuma, kidole kinachomwa. Blanketi hilo hilo ukishuka nalo hadi Chogoria au Runyenjes, huenda likanyamaza kabisa.

Tofauti inaletwa na mlima. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki na kusini-mashariki wa Mlima Kenya, ziliko Embu, Chuka na Meru, na kumwaga mvua yake huko. Upande wa Timau hubaki na hewa kavu. Nyanda za Mbeere nazo, kuanzia Siakago hadi Kiritiri, hukauka vibaya miezi ya kiangazi. Mahali penye unyevu, utando mwembamba wa maji hushika juu ya nguo, plastiki na ngozi, na chaji hupotelea humo taratibu bila mtu kujua. Hewa ikikauka chaji haina pa kwenda. Inakusanyika mwilini hadi uguse chuma.

Huo ndio umeme tuli. Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja hutoka na elektroni za mwenzake. Mtu aliyetembea juu ya zulia la nailoni kwa viatu vya raba anaweza kubeba volti elfu kadhaa, na kwa kawaida hahisi cheche mpaka zifike kama 3,000. Kiwango hicho kinatisha ukikilinganisha na volti 240 za soketi ya Kenya, lakini chaji yenyewe ni kidogo mno na humalizika kabla hujapepesa jicho. Hukushtua, haikuui.

Chipu ya simu au kompyuta haina bahati hiyo. Zipo zinazoharibika kwa volti zisizofika 100, maana yake fundi anaweza kuua chipu kwa cheche ambayo hakuihisi wala kuiona. Mbaya zaidi, mara nyingine chipu haifi papo hapo. Inajeruhiwa ndani, simu inarudi kwa mwenyewe ikifanya kazi vizuri, kisha wiki kadhaa baadaye inazimika, na lawama zinaangukia kipuri kwamba kilikuwa feki. Ndiyo maana fundi makini hujifunga mkononi mkanda wenye waya unaopeleka chaji ardhini polepole, na havai sweta la nailoni akifungua bodi. Asiye na mkanda na aguse kwanza chuma kitupu kilichounganishwa na ardhi, na aishike memori pembeni, si kwenye meno yake ya shaba. Ukiwa nyumbani, kifaa chako kikiwa kimefungwa, kasha lake linakikinga kwa kiasi kikubwa. Penye udhaifu ni matundu ya nyaya za runinga, dikoda na spika.

Lakini kuna jambo linaloniogopesha kuliko cheche hizo. Watu wengi wakitekenywa na sabufa, dikoda au friji husema ni umeme tuli, au ni baridi tu, na kuendelea na shughuli zao. Kutofautisha umeme tuli na stima ya soketi si kazi. Umeme tuli hupiga mara moja ukaisha. Ukigusa tena papo hapo hupati kitu. Kifaa kinachokutekenya kila ukikigusa, hasa ukiwa pekupeku juu ya sakafu ya simiti, na kinachotulia ukikichomoa ukutani, kinakupa stima ya soketi.

Kwa vifaa vya plagi ya miguu miwili, kama dikoda nyingi, mara nyingi sababu ni kapasita ndogo iliyowekwa ndani kwa makusudi ili kuchuja kelele za umeme. Hupitisha mkondo hafifu, chini ya nusu ya miliampia, ukasikia vidole vikiwashwa unapofunga waya wa dishi. Hauui, ila unaweza kuchoma tundu la runinga. Kwa hiyo zima na uchomoe kila kitu kabla ya kuunganisha nyaya.

Friji, pasi, kompyuta ya mezani na shawa ya maji moto ni habari nyingine. Hivi vinahitaji waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano, ili stima ikivuja na kugonga chuma cha nje ipate njia ya kukimbilia isiyo mwili wako. Mkondo wa miliampia 10 hivi hukaza misuli ukashindwa kuachilia. Ukifika 30, moyo uko hatarini. Na nyumba ngapi zina tundu la tatu la soketi lisilounganishwa na chochote? Mpango wa Last Mile ulipoanza mwaka wa 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na lilikuwa jambo jema kwa vijiji vya Meru na Embu. Lakini nyaya za ndani ya nyumba mara nyingi hufungwa na fundi wa bei nafuu, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye gharama ni fimbo ya shaba ya kuzikwa ardhini, kwa kuwa taa huwaka bila hiyo.

Mbeere kuna tatizo la ziada. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo kiangazi kile kile kinacholeta cheche kwenye blanketi hudhoofisha fimbo iliyozikwa juujuu. Huko inafaa izamishwe zaidi, au ziwekwe mbili.

Stima inaporudi baada ya kupotea nayo huunguza vifaa vingi. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye mto Tana, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa stima. Siku kama hiyo chomoa plagi, na ungoje stima itulie.

Kuhusu waya wa ardhini, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, naye apime kila soketi kwa mita. Kati ya waya wa moto na tundu la ardhini mita inapaswa kusoma karibu volti 240. Ikisoma sufuri, au namba inayoyumbayumba, tundu hilo halina ardhi, na friji lisichomekwe hapo hadi fimbo izikwe.