Boksi lina bei, nyanya iliyooza haina

Kariakoo boksi halilali barabarani. Mwenye duka Mtaa wa Kongo akifungua katoni za viatu asubuhi, kijana wa mkokoteni ameshasimama mlangoni kuliulizia. Linakunjwa, linafungwa kamba, linafikishwa kwa mnunuzi mwenye mzani, na huko linaingia kwenye marobota yanayosubiri lori la kiwandani. Chupa za maji nazo zina watu wake. Chuma chakavu kina wenyewe tangu zamani, pale Gerezani. Hawa hawakungoja semina. Bei ya kilo iliwatosha.

Kwa hiyo anayetaka "kuanzisha" urejelezaji katikati ya Jiji la Dar es Salaam amechelewa. Upo, unafanya kazi mchana na usiku, na wanaouendesha hawana glavu wala mkataba. Pengo liko kwingine, kwenye kile kinachobaki baada ya boksi na chupa kuondoka: nyanya zilizopondeka, majani ya kabichi, maganda ya ndizi, vichwa vya samaki, makumbi, wali uliobaki kwa mama lishe. Hizi tunaziita taka mbichi. Kwa uzito ndizo zaidi ya nusu ya taka zote za mji kama huu, na ndizo zisizo na mnunuzi. Harufu ni yao, nzi ni wao, na yale maji meusi yanayotiririka chini ya kizimba ni yao pia.

Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Kabichi na tikiti maji hali kadhalika. Tani moja ya nyanya zilizooza ikipakiwa kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, kilomita zipatazo 30 kutoka Kariakoo, lori linakuwa limebeba zaidi ya kilo 900 za maji, kwa dizeli ya kununua, katikati ya foleni. Gharama kubwa ya mkandarasi wa taka iko hapo kwenye safari. Lori lililotoka mjini saa tatu asubuhi likakwama njiani, kisha likapanga foleni tena langoni mwa dampo, siku hiyo huenda lisirudi kwa safari ya pili, na kizimba chako kitalala kimejaa. Hata lori la kushindilia, ambalo baadhi ya viongozi hulipenda kwa kuwa linapendeza machoni, faida yake hapa ni ndogo. Lilibuniwa kwa taka nyepesi zilizojaa karatasi na vifungashio. Zetu ni nzito tayari. Ukizibana zinamwaga maji barabarani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini dampo liwe mbali hivyo. Jibu liko kwenye kumbukumbu za mahakama. Taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, mpaka wakazi wakachoshwa na moshi na harufu, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaendelea kumwaga. Lilipohamia Kunduchi Mtongani, wakazi 795 wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Zikafuata Vingunguti, Mtoni, na mwishowe Pugu. Kila mara suluhisho lilikuwa kuhamia kwingine, na kila kilomita ya safari ya Pugu imeingia kwenye ada anayolipa mwenye duka wa Mtaa wa Sikukuu. Haki ya watu wa Tabata ilikuwa haki kweli. Ila hakuna aliyekaa kuuliza kama vile vitu vilivyowakera, yaani vinavyooza, vilikuwa na ulazima wa kufika dampo.

Suala la nani azoe nalo limeshajaribiwa. Mwaka 1994 kampuni binafsi ya Multinet ilikabidhiwa kata 10 za katikati ya jiji, na miaka michache baadaye kata nyingine zikagawiwa kampuni ndogo na vikundi vya jamii. Tatizo lililojitokeza mapema ndilo tunalolijua hadi leo: ada hailipwi ipasavyo, mkandarasi anapunguza safari, mteja anaona uchafu, anagoma zaidi kulipa. Mimi nadhani mzizi wake ni kutoza ada bila mzani. Ada inayopangwa kwa aina ya biashara humfanya muuza simu, ambaye taka yake karibu yote imeshauzwa kabla ya adhuhuri, amlipie mwenye mgahawa wa jirani. Na mwenye mgahawa hapati hata senti ya nafuu akipunguza mabaki yake. Kwa utaratibu huo atenganishe ili iweje?

Hasara halisi hutokea pale vitu viwili hivi vinapokutana kwenye kiroba kimoja. Boksi likilowa mchuzi linashuka thamani, kwa sababu mafuta hushika nyuzi za karatasi na kiwandani hayatoki kwa maji tu. Nyuzi hizo zikikaa safi huweza kutumika tena mara tano hadi saba kabla ya kuchakaa. Chupa nayo ina siri yake. Mwili wa chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti. Zikisagwa na kutiwa kwenye pipa la maji, vipande vya mwili huzama na vya kifuniko huelea, na hivyo ndivyo vinavyotenganishwa, bila mtambo wa ajabu. Lakini vikiwa na utelezi wa uji na mafuta ya samaki, hesabu inaharibika, sabuni na maji ya kuoshea vinaongezeka, na bei anayopewa mwokotaji inashuka. Soko la nje nalo limekuwa gumu. China ilifunga mlango kwa taka nyingi za plastiki mwanzoni mwa 2018, na tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel umeweka masharti kwa plastiki chafu zinazovuka mipaka. Plastiki chafu sasa ni mzigo wa aliye nayo.

Betri za simu ziwekwe mbali kabisa. Kariakoo ndiyo duka la simu la nchi nzima, na betri iliyovimba ikitupwa kwenye kiroba cha maboksi inaweza kuwaka ndani ya lori. Ikusanye kwenye ndoo yake, kavu.

Taka mbichi yenyewe ina njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni wafugaji, ambao tayari huchukua maganda na mabaki. Haihitaji teknolojia, inahitaji ndoo yenye mfuniko na saa maalumu ya kuchukuliwa. Ya pili ni funza wa nzi askari mweusi, wanaoweza kupunguza uzito wa mabaki kwa nusu au zaidi kwa muda wa kama wiki mbili, kisha wao wenyewe wakawa chakula cha kuku na samaki. Ya tatu ni mboji. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg ya Ujerumani, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010. Lundo la mboji likichanganywa vizuri, likapata hewa na unyevu, hupanda joto kupita nyuzi 55, na joto hilo huua vimelea na mbegu za magugu. Lakini likiingia nailoni, vijiti vya pamba na vipande vya glasi, hakuna mkulima atakayelinunua. Kiwanda cha mboji hufaulu au hufeli kwenye jiko la mama lishe, asubuhi, kabla lori halijafika.

Sheria haina upungufu hapa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na taka za masoko na maeneo ya biashara zimetajwa humo waziwazi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilionyesha kwamba Kariakoo hubadilika upesi amri ikieleweka na ikisimamiwa.

Kwa hiyo Halmashauri ya Jiji inapotangaza zabuni nyingine ya uzoaji, iweke bei mbili: taka mbichi iliyotengwa itozwe nafuu na ichukuliwe kila siku, iliyochanganywa itozwe ghali, na zote zipimwe kwa mzani mbele ya mteja. Wewe mwenye duka au mgahawa huna haja ya kuingoja. Weka ndoo mbili, moja ya mbichi yenye mfuniko. Yule kijana wa maboksi mpe saa yake na mahali pakavu pa kuchukulia. Kisha mwulize mkandarasi wako ndoo ya mbichi anaipeleka wapi. Akijibu Pugu, anza kutafuta mfugaji.