Fahamu: Kwa nini mahindi hupandwa pamoja na desmodiamu?

Mvua ikikatika mapema, mkulima anayetegemea mahindi pekee hukosa chakula cha nyumbani na malisho ya ng'ombe kwa pamoja. Ndiyo maana maelfu ya wakulima magharibi mwa Kenya hawapandi tena mahindi peke yake.

Kati ya mistari ya mahindi hupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kandokando huzungusha nyasi za matete au brachiaria. Mbinu hii ya “sukuma-vuta” ilibuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa kituo cha ICIPE nchini Kenya pamoja na wale wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa bungua, mdudu anayetoboa mabua ya mahindi, na nyasi za kingoni huwavuta. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu huchochea mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi, kuota, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi, zikafa. Aliyewahi kuona shamba lililodumazwa na kiduha anajua huo ni ukombozi.

Kwa mfugaji, faida kubwa iko majanini. Mabua ya mahindi hushibisha lakini yana protini kidogo mno. Desmodiamu ikikatwakatwa na kuchanganywa nayo horini, hujazia pengo hilo. Vinundu vya mizizi yake pia hunasa nitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Tena ni mmea wa kudumu, hukatwa msimu baada ya msimu.

Ugumu uko mwanzoni. Mbegu zake ni ndogo sana, na miche hukua polepole. Palizi ikichelewa wiki za kwanza, magugu huimeza.