Mishale ya Heracles

Hadithi za dunia, wanangu, zimejaa mishale ya ajabu. China yuko Hou Yi, aliyetungua majua tisa kati ya kumi ili dunia isiungue. Uajemi yuko Arash, na pale mshale wake ulipoangukia ndipo ulipowekwa mpaka wa nchi. Mimi leo nawasimulia mishale ya Heracles wa Ugiriki, yule ambaye Warumi walimwita Hercules. Ilikuwa haijui rafiki wala adui, na kwangu hakuna mishale ya kutisha kuliko hiyo.

Katika kinamasi cha Lerna aliishi Hydra, joka lenye vichwa tisa. Ukikata kimoja, vinachipuka viwili. Heracles akawa anakata, na Iolaus, mtoto wa ndugu yake, akawa anaunguza kila shingo kwa kijinga cha moto kabla haijachipua tena. Kichwa kimoja kilikuwa hakifi. Wakakifukia chini ya jabali. Kisha Heracles akalipasua joka, akachovya ncha za mishale yake kwenye nyongo. Tangu siku hiyo mchubuko mdogo tu ulitosha kuua.

Miongoni mwa wa kwanza kuumia walikuwamo wema. Heracles alikaribishwa na Pholus, kiumbe nusu mtu nusu farasi. Wakafungua mtungi wa mvinyo. Harufu ikawavuta wenzake Pholus, wakaja kwa fujo na mawe mikononi. Heracles akawafyatulia mishale. Mmoja ulipenya mkono wa aliyelengwa, ukaenda kuchoma goti la Chiron, ambaye walikuwa wamemkimbilia, mwalimu na tabibu mwenye hekima aliyewafundisha mashujaa wengi. Heracles alikimbia, akauchomoa kwa mkono wake mwenyewe, akapaka dawa aliyopewa na Chiron. Haikusaidia. Chiron alizaliwa asife, basi akawa anateseka bila mwisho, mpaka akaomba aruhusiwe kufa.

Na Pholus? Alikuwa akizika maiti. Akachomoa mshale kwenye mwili mmoja, akaugeuzageuza mkononi, akistaajabu kwamba kitu chembamba vile kimeangusha jitu zima. Ukamponyoka, ukamdondokea mguuni. Akafa palepale. Wawindaji wa Kikamba, ambao mishale yao ilipakwa sumu ya mti, walizoea kuizungushia ncha ngozi nyembamba. Pholus hakuwa na wa kumwambia.

Halafu zamu ya Heracles mwenyewe ikafika. Nessus, naye nusu farasi, alijaribu kumtorosha Deianeira, mke wa Heracles, alipokuwa akimvusha mtoni. Heracles akampiga mshale. Akiwa anakata roho, Nessus akamnong'oneza Deianeira: chukua damu yangu, itamrudisha mumeo siku akipenda mwingine. Siku hiyo ilipofika, Deianeira akaipaka damu kwenye vazi, akampelekea mumewe kwa mapenzi. Damu ile ilikuwa imebeba sumu ya Hydra. Vazi likamganda Heracles mwilini, likamuunguza. Akapanda Mlima Oeta, akalala juu ya lundo la kuni, akaomba liwashwe. Wote wakakataa isipokuwa kijana Philoctetes, naye akazawadiwa upinde na podo.

Philoctetes aling'atwa na nyoka akiwa safarini kwenda vitani Troy. Kidonda kikaoza, naye akawa analia usiku na mchana, hivyo Wagiriki wenzake wakamwacha peke yake kisiwani Lemnos. Miaka 10 ikapita. Ndipo wakaambiwa na mtabiri kwamba bila upinde wa Heracles mji hautaanguka. Sophocles, mtunzi wa tamthilia aliyekileta kisa hiki jukwaani mwaka 409 KK, anasema kijana Neoptolemus alitumwa na Odysseus, mmoja wa wakuu wa Wagiriki, kuupata kwa hila. Aliupata. Kisha akaona haya, akamrudishia mgonjwa silaha yake mbele ya macho ya Odysseus. Nampenda sana Neoptolemus kwa hilo.

Philoctetes akaenda Troy, akatibiwa na wana wa Asclepius tabibu, na Asclepius alikuwa mwanafunzi wa Chiron. Akashika upinde, akamfuma Paris, mwana wa mfalme wa Troy ambaye kwa ajili yake vita vilianza. Paris akabebwa hadi Mlima Ida kwa Oenone, mke wake wa zamani aliyejua dawa. Oenone alikuwa ameachwa kwa ajili ya Helen, mwanamke aliyetoroshwa na Paris. Akakataa kumtibu. Baadaye akajuta, akakimbia na dawa zake, akamkuta Paris ameshakufa.